Kwa Kaka Niliyemwita Monsieur

Mpendwa kaka Venansi,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimekwama palepale, kwenye anwani. Zamani ilikuwa rahisi. Niliandika jina lako, kisha jina la barabara nililolijua kwa moyo kama sala, kisha Liège, Ubelgiji. Sasa najua kwamba hupo Liège. Upo Kiriri, juu ya mji wetu huuhuu, katika nyumba yenye maua mekundu ukutani. Mimi mdogo wako nilipokea glasi ya limonadi mkononi mwako nikakushukuru kama mtu nisiyemjua.

Tangu siku ile najaribu kukumbuka aibu hii ilianzia wapi. Haikuanzia Kiriri.

Unakumbuka siku uliyoondoka? Uwanja wa ndege uko karibu na sisi watu wa Buterere, kwa hiyo majirani walikusindikiza kwa miguu wakiimba. Ulikuwa umevaa lile koti zito la sufu ulilopewa na padri, na jasho lilikuwa likikutiririka hadi kwenye kola. Ulipotaka kulivua, mama alikushika mkono.

“Apana toa! Baridi ya Bulaya itakukuta ku mulango ya ndege.”

Watu wote walicheka, hata wewe. Lakini hukulivua. Ulipanda ndege umelowa kama mtu aliyetoka ziwani. Tangu siku hiyo mama akiwa ameinama katika mpunga na ndege ikapita juu yetu, hunyoosha mgongo na kuipungia mkono wenye matope. “Pengine imetoka kwa yaya yako Venansi,” huniambia. Huwa hasemi kwamba ndege nyingine zinatoka mahali pengine. Kwake zote zinatoka Liège.

Ulirudi mara moja tu, kwa likizo, baada ya mwaka wako wa pili. Uwanja wa nyumba yetu ulijaa watu mpaka mama akaazima mabenchi ya kanisa. Ulituambia habari za tramu, za mto Meuse na mashua zake za makaa ya mawe, za wanafunzi wanaotembea barabarani wakiimba na kofia za ajabu kichwani. Jirani yetu Baba Sirili hakuridhika na hayo.

“We Venansi, kule Bulaya nani anawafulia nguo?”

“Wanajifulia, baba.”

“Wenyewe?”

“Wenyewe. Na kufagia wanafagia.”

“Basi kule apana wazungu,” alisema Baba Sirili. “Kule ni watu tu!”

Tulicheka mpaka mtoto wa jirani akaamka akilia. Mimi nilikaa karibu na miguu yako ili kila mtu aone kwamba wewe ni wangu. Nilikuwa nikisikiliza, lakini nakiri kwamba nilisikiliza tu kile nitakachoweza kuwasimulia wasichana wenzangu shuleni.

Kesho yake ulikuja nami shambani kufukuza ndege waharibifu, kama tulivyofanya ulipokuwa bado mwanafunzi wa hapa. Tulikaa juu ya tuta, tukirusha mabonge ya udongo. Ulirusha moja, likaanguka karibu, ukasema mkono wako umesahau kazi. Kisha ukaanza kusema bila mimi kukuuliza.

“Ile ukumbi ya masomo ni kubwa kama kanisa, Spesi. Mi nikikaa, benchi inabaki wazi huku na huku. Ku mutihani mwalimu anauliza kwa mudomo. Wenzangu wakinyamaza, anasema wanafikiri. Mi nikinyamaza, anasema inatosha, ingia mwingine.”

Ulipangusa udongo viganjani. “Niko nachoka,” ulisema.

Na mimi nilikuambia nini? “Lakini yaya, theluji ikoje? Inauma ukiishika?”

Ulinitazama. Halafu ukacheka, ukachukua bonge la udongo, ukanionyesha jinsi watoto wa kule wanavyofinyanga theluji na kutupiana. Ulinisimulia theluji mpaka jua likawa kali. Kuhusu ile benchi hukusema tena, kwangu wala kwa mtu mwingine wa nyumbani.

Kaka, nadhani hapo ndipo ilipoanzia. Sote tulikupenda, lakini tulikuwa tumekuachia mlango mmoja tu wa kuingilia nyumbani, mlango wa habari njema. Nilikuwa mdogo, ni kweli. Lakini masista wametufundisha kwamba mtu mdogo pia ana masikio.

Barua zako zikawa fupi, na tangu mvua za mwaka huu zianze hatujapata hata moja. Mama anasema unasoma sana. Maji yalipoingia nyumbani ukuta wa chumba chako ulianguka, na mama amefyatua matofali mapya kwa mikono yake. Baba Sirili alimwambia aache chumba hicho hadi kiangazi. Mama alijibu, “Mutoto akirudi atalala wapi, ku kichwa yako?”

Sasa niseme juu ya Kiriri.

Kwaya yetu ya shule ilialikwa kuimba katika karamu ya afisa mmoja, kwenye mojawapo ya nyumba walizokaa wazungu kabla ya Uhuru. Tulipanda mlima katika lori la misheni, tumepigiwa pasi mpaka soksi. Tuliimba vizuri. Kisha tukaambiwa tupumzike kwenye majani, na garson mwenye koti jeupe akaja na sinia la limonadi. Nilitambua mikono kabla ya uso. Ile alama ya mundu kwenye kidole gumba ninaijua, maana nilikuwapo ulipojikata.

Rafiki yangu Imakulata alikuwa kando yangu. Unamjua kwa jina, nilikuandikia habari zake. Alichukua glasi bila kukutazama, kama tunavyochukua vitu mikononi mwa watumishi, akaniuliza kwa sauti yake kubwa, “Spesi, kaka yako wa Liège anamaliza lini? Nyumba kama hii ndiyo mtakayopewa!”

Na wewe ulikuwa umesimama hapo.

“Anamaliza mwaka huu,” nilisema.

Ulilisogeza sinia mbele yangu. Nilidhani utasema kitu. Ulisema kwa Kifaransa safi, ile sauti yako ya kusoma kanisani, “Mademoiselle ataongeza?” Nikajibu, “Non, merci, monsieur.” Ukainamisha kichwa, ukaenda kwa msichana aliyefuata. Imakulata akanong’ona, “Garson yule anashika sinia kama anabeba Injili!” Wasichana wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sijui kama ulinisikia, na kila nikilala nafikiri kwamba ulinisikia.

Kabla ya kuondoka niliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji jikoni. Nilitumaini kukukuta. Nilimkuta mama mpishi peke yake, akiosha sahani. Nilimuuliza garson yule ametoka wapi.

“Yule? Usimuone vile. Alisomaga Bulaya, mutoto wangu. Mitihani ikamushinda, bursa ya masomo ikakatwa, wakamurudisha. Iko hapa tangu mvua ilianza. Anasema atarudi kwao siku atapata kazi ya heshima.”

“Kwao ni wapi?”

“Hasemi. Sisi tunaonaga kama hana watu.”

Maji yale niliyaacha mezani. Hana watu! Na mmoja wa watu wako alikuwa amesimama mbele yake na soksi nyeupe, na bado sikusema.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilinyamaza ili nisikuaibishe. Ni maneno mazuri, lakini si kweli. Nilijionea aibu mwenyewe. Niliogopa kwamba bila kaka wa Liège nitabaki msichana wa Buterere mwenye matope.

Jana shuleni nilimwambia Imakulata, wakati tunakunja nguo za altare. Nilisema, “Yule garson wa Kiriri ni kaka yangu.” Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliacha kukunja, akaniangalia.

“Kaka yako wa tumbo moja?”

“Wa tumbo moja.”

“Sasa mbona ulimuita monsieur?”

Nilichukua kitambaa alichokiacha, nikakikunja vibaya.

Mama sijamwambia. Neno hilo ni lako, sina haki ya kukunyang’anya. Lakini nataka ujue jambo moja ambalo wewe, pamoja na masomo yako yote, huenda umelikosea. Mama hajui diploma ni nini. Aliwahi kuniuliza kama inavaliwa au inatundikwa. Katika sala yake ya jioni anataja miguu yako, kifua chako na ile baridi. Cheti sijawahi kusikia akikitaja. Sisi wengine ndio tuliokingoja, na mimi nilikuwa wa mbele.

Jumapili baada ya misa nitapanda Kiriri kwa miguu. Sitapita mlango wa jikoni. Nitasimama kwenye geti kubwa na kumwambia mlinzi nimekuja kumwona kaka yangu, na nitataja jina lako lote, lile la ubatizo na lile la baba, kwa sauti ambayo mama mpishi ataisikia. Ukitaka kushuka nami hadi nyumbani siku hiyohiyo, nitatembea kando yako, na mama akiuliza swali gumu nitabaki hapohapo kando yako. Kama bado huwezi, tutakaa chini ya ukuta wenye maua na utaniambia habari za ile benchi. Safari hii sitauliza kitu kingine.

Na kama utamtuma mlinzi aseme hupo, sitakasirika. Nitarudi Jumapili inayofuata, na ile baada yake. Njia ninaijua sasa, na kwa miguu si mbali.

Kaa salama, kaka, hapo karibu ulipo.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Spesi