Shahidi Mliyemficha

Zuhura, niliyewahi kukuita wangu,

Nakuandikia mbele za watu kwa kuwa ripoti yenu ya kijito chetu nayo mliisoma mbele za watu, chini ya turubai, mkipigiwa makofi. Mimi niko Shinyanga, nabeba zege. Shule niliishia darasa la saba. Lakini hili ulinifundisha wewe, na ulinifundisha vizuri.

Unakumbuka asubuhi ile kijitoni kwetu, njia ya kupandia milimani Amani? Mimi nimebeba boksi la barafu, wewe umevaa glavu kama mkunga. Ulinieleza kuwa mnyama akipita majini huacha vinasaba vyake, na mashine ikiyapima maji humjua bila kumwona. Kisha ukajaza chupa moja maji safi ya dukani, ukaiweka pamoja na zile za kijito.

"Huyu ndiye shahidi," ulisema. "Akipimwa akatoka na mnyama yeyote, ujue uchafu ni wetu, na lazima tuandike."

Nilikupenda zaidi siku ile.

Mama akapita na ndoo, ukamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta nini humo?"

"Samaki, mama."

"Samaki? Aje kufanya nini humo, kufua?"

Tulicheka sote, isipokuwa mkuu wenu wa utafiti. Yeye alikuwa na njaa. Boksi la chupa ndilo alilopandishia kitoweo chake kutoka Tanga, changu wa baharini na perege wa bwawani, na alipowatoa hakuna aliyeliosha.

Majibu yalipokuja uliniambia kibarazani kwenu Makorora, mjini Tanga, macho yako kwenye kikombe cha kahawa. "Shahidi katoka na changu na perege, sawasawa na chupa za kijito."

"Basi turudi tukachote upya."

"Mkuu kasema changu tumfute, watu watatucheka. Perege ni wa maji baridi, atapita."

"Na shahidi?"

"Hatutamtaja."

Leo, kwa ripoti ile, kijito kimefungwa, eti perege wazaliane. Mama anashuka bondeni kuteka maji, na magoti yake unayajua. Perege wenyewe mkuu wako alishawala, na mwiba akachokonolea meno.

Mnajiita watafiti! Mama ntilie wetu hapa akiunguza maharage husema yameungua. Ninyi mmeyaunguza, mkayapakua, mkayapigia makofi.

Umeniandikia kuuliza kama bado nina hasira. Hasira iliisha, kimebaki kinyaa. Maneno matamu kaa nayo. Ongeza kwenye ripoti ile mstari mmoja tu, kwamba shahidi alitoka na samaki, na boksi lilibeba nini.

Mama anasema ukija kukagua bango lenu la kukataza watu kijitoni bado unamwamkia, naye anaitikia, ndoo kichwani, maana ndivyo alivyolelewa. Ukimkuta tena, shikamoo yako iache. Mpokee ndoo.

Aliyekuwa mchumba wako,
mbeba boksi.