Dacha Yako ya Kasulu

Kasulu, 2014

Mdogo wangu,

Ujumbe wako kutoka Dar es Salaam nimeupata. Unataka nisimamie upakaji rangi wa nyumba yako, na hasa kibao cha mlangoni, "DACHA", kisifutike. Nakujibu hadharani, kwa barua ya wazi, kwa kuwa uliyoyafanya uliyafanya hadharani.

Unaikumbuka siku ulipokitundika? Ulikuwa umesoma Kiev, ukarudi na koti zito lisilo na kazi katika nchi hii. Ulitukusanya ukatufundisha kama watoto wa darasa la kwanza. Warusi na Waukraine, ulisema, wote wanalo neno hilo. Ni nyumba ya mapumziko shambani, na asili yake ni kitenzi cha kutoa. Zamani mfalme wao aliwapa watumishi wake ardhi. Dacha ni kitu kilichotolewa.

Shangazi alicheka. "Nyumba ya kupumzikia? Kwani huyu amechoshwa na nini?"

Mimi nilikuwa naitazama ardhi uliyosimama juu yake. Baba alimpa mke wake wa pili, Mama Mdogo, shamba lile mbele ya ukoo mzima, nawe ukiwa mgongoni mwake. Alikuwa amekimbia kutoka Burundi mikono mitupu, na mama yetu alipofariki, ndiye aliyekulea. Baba naye alipofariki ukasema, "Mkimbizi hana ardhi," ukang'oa maharage yake yakiwa yametoa maua, ukajenga nyumba hiyo. Siku ile ya kibao alifika umekwisha kutueleza, akakuuliza neno lile lina maana gani.

"Mama, huwezi kuelewa."

Nimefundisha wajinga wengi maishani mwangu. Hakuna hata mmoja aliyesafiri mbali hivyo kuutafuta ujinga wake. Ulijua asili ya neno la watu wengine, ukajifanya hujui asili ya shamba ulilochezea.

Nyumba yenyewe ilikaa imefungwa, popo ndio waliopumzika. Sasa ufunguo ulioniachia umepata kazi. Mama Mdogo analala chumbani mwako, na maharage yake ameyaanika barazani, chini ya kibao. Sikukifuta. Juzi aliniuliza tena maana yake.

"Kilichotolewa," nikamwambia.

Akapiga makofi taratibu, kama tunavyoshukuru huku kwetu. "Kimetolewa na nani, mwanangu?"

"Na mume wako, Mama."

Rangi utakuja kupaka mwenyewe. Ukifika, piga hodi, kisha usubiri mwenye nyumba akukaribishe.

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa