Toleka ya Papa Katika Salon

Wasomaji wangu, mulipotelea wapi? Wiki nzima hakuna barua! Donc sasa Kisangani yote munapendana? Bon, mumoja tu ndiye amemukumbuka Koko, nyanya yake wa mashauri. Sikilizeni.

"Koko Simone, naomba unishike mukono, Jumamosi familia ya muchumba wangu Israël inakuja kutoa mahari yangu, na katika salon tuko na baiskeli ya zamani ya papa, ile ya toleka aliyobebea abiria zamani moto, hizi pikipiki, hazijajaa mujini, inaegemea ukuta pale wageni wanapoingilia, mafuta inachafua pazia, na mimi nikaona haya juu baba mukwe iko na magazini, duka kubwa ya vitu, nikaipeleka kwa jirani papa akiwa kanisani, aliporudi hakufoka, aliangalia ukuta tu akasema, 'Wageni wako utawapokea weye mwenyewe,' na asipokaa papa, mahari itapokelewa na nani? Nadège, Tshopo."

Nadège, mutoto wangu, panguza machozi nikukemee vizuri. Haya gani? Ulikula nini ukakomaa hivi? Ulikula hiyo baiskeli! Wakati wa vita essence ya gari hakuna, bateau haipandi tena muto, camion za mizigo toka Bafwasende zimekwama, Kisangani ilitembea kwa miguu ya papa yako na wenzake. Mugonjwa, bibi-arusi, hata maiti ndani ya mukeka, wote nyuma ya toleka. Muulize mama yako alifika maternité kukuzaa juu ya nini. Mimi nilikaa pale nyuma na kitunga ya pondu, majani ya muhogo, nikamuambia kijana, "Endesha, hapana kugeuka kuniangalia!" Akajibu, "Mama, ni uzito wako unanigeuza."

Na huyo baba mukwe wa magazini, wakati ule alikuwa anaruka? Alikaa pale sawa sisi wote, mallette ya makaratasi kwa magoti, suruali imepanda, soksi inje.

Papa yako halilii chuma. Moto zilipokuja, abiria walimuacha, akaiegemeza ukuta wa salon. Sasa mutoto wake pia anamuacha. Ile ndiyo inauma.

Alors, leo, hapana kesho, nenda kwa jirani. Usitume mutu. Isukume weye mwenyewe barabarani, watu waone. Ioshe, kisha piga magoti, useme tu, "Papa, unionyeshe nafasi yake." Akitaka katikati ya salon, wageni watazunguka.

Mahari ikipita, mukuje kunisalimia. Moto ibaki nyumbani. Israël akuendeshe nyuma ya hiyo toleka mpaka kwangu, nimuone akitoka jasho juu yako.