Ridi Kumi na Mbili na Mbeta za Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Machi 2025

Siku kumi na sita tangu nifunge ndoa. Mume wangu Anania ameenda kazini kwenye kiwanda cha nguzo za umeme, mimi nimebaki na nyumba yetu hapa Njombe, mtaa wa Ramadhani, vyumba viwili na bati jipya. Nyumba yetu!

Leo nimefagia uvunguni. Nimekuta ndoo ya rangi imejaa viboksi vya plastiki, virefu kama kidole cha kati. Vya ridi. Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni, bila hicho haitoi hata mlio wa bata. Kila moja inakuja na kiboksi chake, kiboksi ndani ya nailoni, nailoni ndani ya boksi la karatasi, na boksi nalo limevishwa nailoni nyingine. Mimi siku ya harusi sikuvalishwa hivyo!

Nimehesabu: arobaini na tatu. Nimechukua sita nikatia moto kwenye shimo la taka. Havikuungua. Vimeyeyuka vikawa uji mweusi, na moshi ukaenda moja kwa moja kwenye mashuka ya jirani, Mama Consolata. Ameita kutoka uani kwake: "Bibi harusi, unapika nini hicho? Tairi?" Aibu.

Anania aliporudi nilimwambia. Amecheka mpaka ameshika ukuta. Amesema ridi yenyewe anaimaliza kwa wiki mbili, kiboksi chake kitatuzika sote. Halafu akachukua saksafoni yake, akanipigia wimbo wetu wa harusi, pale kwenye stuli ya jikoni. Mahindi yakaungua. Yaache yaungue.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda Makambako kuchukua vitambaa vya kushonea. Nikapita kwa Odilo, yule mwenye duka la vyombo vya muziki. Nilimuuliza kwa nini ridi moja shilingi elfu tisa. Akasema, "Dada, mteja ananunua boksi. Ridi anapewa kama nyongeza."

Nilidhani ni utani. Kumbe si utani sana. Ametoa bahasha ya kaki, ndani ridi kumi na mbili zimepangwa kwenye karatasi ngumu kama biskuti. Mwanzi uleule, kiwanda kilekile. Hizi moja elfu tano na mia tano. Hazina kiboksi. Nikamuuliza mbona hazinunuliwi? Akasema watu wanazitia mfukoni na funguo, ncha inapasuka, kesho wanarudi kumtukana.

Njia nzima mpaka Njombe nimewaza: elfu tatu na mia tano za kitu tunachokwenda kuchoma! Na hakiungui!

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nimeongea na Mwalimu Rabson, kiongozi wa bendi ya kanisa. Nilisema: bendi ina saksafoni tano na klarineti moja, ridi mbili kila mtu, zinunuliwe zile za bahasha, mimi nitatengeneza vya kuwekea. Kwa ajili ya tamasha la bendi Makambako, tarehe tano Aprili.

Akanitazama. "Shemeji, ridi si kijiti cha meno."

Anania akadakia: "Mke wangu anashona koti, atashindwa na nyumba ya kijiti?" Mbele ya watu wote! Wanabendi wakapiga makofi. Mwalimu Rabson akakubali. Akasema bendi nyingine tatu zinatuangalia, zikiona tumefanikiwa zitaagiza hivyohivyo. Fedha ya ridi inatolewa mara moja tu mpaka Juni, kwa hiyo nisiharibu.

Anania ndiye atakayeanza peke yake Makambako. Mistari minane, bendi nzima kimya. Nimemwahidi ridi yake italala pazuri kuliko yeye.

Jumatano, 19 Machi

Kijijini kwa mama mkwe. "Kamwene, mwanangu!" amenisalimu na kunikumbatia. Nilikuja kuomba mianzi. Ameuliza ya nini, nikaeleza. Akasema sawa, lakini mwanzi mbichi ukate, uanike miezi miwili.

Miezi miwili! Mimi nina siku kumi na saba.

Juu ya dari la jiko nikaona mbeta zake za kugemea ulanzi, ile pombe ya mianzi, rundo zima, kavu, nyeusi kwa moshi. Vikombe vya mwanzi vimeshakatwa, chini vimezibwa na pingili, juu viko wazi. Nani angetengeneza vizuri zaidi? Nikamwomba zile ndogo ndogo. Ameguna. "Mbeta ni mbeta, mwanangu. Sisi hatuioshi. Kile kilichobaki ndani ndicho kinachochachusha ulanzi wa kesho." Nikasema nitaiosha kwa sabuni ya unga. Akacheka, akanipa kumi na mbili kwenye kikapu, na viazi juu yake.

Jumatatu, 24 Machi

Mbeta zimekamilika! Nimeziosha mara tatu. Mvua haikuacha jua litoke, nikazikaushia juu ya jiko la mkaa. Anania alizikata kwa msumeno zikawa fupi kama kiganja. Nimezishonea vifuniko vya mabaki ya kitenge cha sare ya harusi yetu. Ridi za bahasha zimeshanunuliwa, kila mmoja ametia zake mbili. Wanabendi wamegombania rangi kama watoto. Yule wa klarineti amesema yake nzuri kuliko klarineti.

Anania ameitia moja kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Ndiyo, nimeandika hivyo. Daftari ni langu.

Jumapili, 30 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bendi ilipiga vizuri mpaka wimbo wa tatu. Kisha nikaona yule wa klarineti anakunja uso, anapangusa midomo. Mlangoni, wakati wa kuagana, Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, alishika mkono wa Anania hakuuachia. Akamsogelea. Akanusa.

"Kijana, umeamkia wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Kwaresima hii? Na ulanzi mdomoni?"

Anania akaangalia viatu vyake. Mbeta hakuitaja kabisa! Watu wakageuka. Mama Scholastica wa kwaya akasema, si kwa sauti ndogo, ndiyo maana ile saksafoni ilikuwa inayumba.

Nyumbani nimefungua mbeta yake. Harufu ilinipiga puani. Ridi ina vumbi la kijivu, kama mkate uliosahauliwa. Tumekusanya ridi zake na za wenzake: kumi na mbili, hakuna iliyopona. Mate, joto la mfukoni, na ule ulanzi wa zamani uliokuwa umelala ndani ya mwanzi. Nimeuamsha mimi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema ni mbeta ya mke wangu, watasema miezi miwili haijatimia ameshaniletea ulanzi madhabahuni." Nimelia. Kwa aibu nusu, nusu kwa sababu nimeolewa na mtu wa namna hii.

Jumanne, 1 Aprili

Nimempigia mama mkwe. Amecheka mpaka simu imeanguka, nikasikia kuku. Aliporudi: "Sabuni inatoa uchafu. Ulanzi si uchafu!"

Lakini hapa hakuna cha kuchekesha. Wazee wa kanisa wamemwita Anania Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya basi la bendi kuondoka. Akionekana ana kosa, anasimamishwa bendi miezi sita. Mistari yake minane atapewa mwingine. Yeye anasema ninyamaze, yatapita. Hayatapita. Nitasema mwenyewe.

Ridi tumezisuuza kwa maji ya moto na chumvi, tukazipangusa moja moja. Tisa zimekubali kulia. Tatu zimekwisha. Na vya kuwekea je? Nilikaa nikatazama ile ndoo uvunguni. Viboksi thelathini na saba, safi, bure, vimekaa pale tangu siku ya kwanza! Vimeshanunuliwa, vimeshalipiwa, haviozi, haviungui. Basi vifanye kazi. Tutazitia ridi humo, hizi tisa na za bahasha zijazo, mpaka mwanzi mpya ukauke. Anania alinibeba juujuu akanizungusha, kichwa changu kikagonga mlango.

Mwalimu Rabson amekubali. Ila amesema, "Shemeji, ridi umezifufua. Mpigaji je?"

Jumamosi, 5 Aprili, asubuhi

Ofisi ya kanisa. Nimewaambia yote, nimesimama. Sasa nimekaa benchi la nyuma, naandika ili nisitafune kucha. Nje basi linanguruma. Anania yuko mbele, suti ya harusi, saksafoni magotini. Hajageuka, lakini masikio ameyatega.

Mwenyekiti wa wazee anasema hadithi ni nzuri, lakini nani ameona mwanzi uliooshwa kwa sabuni ukatoa harufu ya pombe? Nimetoa mbeta kwenye mkoba. Kifuniko cha kitenge bado kipo. Nimeipeleka mezani, kwa Mzee Nikodemo, kwa kuwa ndiye aliyenusa kwanza.

Amefungua. Ameingiza pua.

Amefunga macho.

Hajaitoa pua.

"Huu," anasema polepole, "si wa kijana huyu. Huu ni mkangafu, ulanzi mkali wa zamani. Umelala siku tatu, si chini. Na ni wa mianzi ya bondeni, ile ya karibu na maji."

Hakuna anayemtazama Anania tena. Wazee wote sita wanamtazama Mzee Nikodemo, na mbeta bado iko puani. Mwenyekiti anakohoa: "Kijana, wahi basi; wewe, Mzee Nikodemo, baki." Dereva anapiga honi ya pili—