Jiwe Lililokuwa Mkononi Mwangu

Jumanne, Temeke. Jua limewaka tangu asubuhi, mabati yanalia, na nina hasira na mtu mmoja tu: mimi mwenyewe.

Ninatafsiri utenzi wa kale wa Kigiriki kwa ajili ya shahada ya uzamili. Umejaa vita: meno yanang'oka, utumbo unamwagika. Leo msimamizi wangu kanirudishia kurasa. Niliandika, "Jiwe likampasua paji la uso." Kapiga mstari mwekundu. Kigiriki kina umbo maalumu la nomino, la anayepewa kitu au la kifaa kilichotumika. Jiwe lile lilikuwa kifaa tu.

"Kuna mtu kapiga, kwa jiwe," aliniambia. "Mbona umemficha?"

Nilijifanya sijui.

Jumamosi saa nne asubuhi, mtaani kwetu palipigwa yowe la mwizi. Mwanamume mgeni alikuwa amebeba mtungi wa gesi begani, anaangaza huku na huku. Hakuna aliyemuuliza mtungi ni wa nani. Wakampiga mateke, wakampiga nondo.

Ona, nimeandika "wakampiga".

Niliokota kipande cha tofali nikampiga nacho kichwani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Na niseme ukweli: nilifurahi.

Alikufa kabla ya kufika hospitali.

Leo mchana nimekwenda msibani kwake, maana kwetu msiba wa jirani haukwepeki. Walioshika nondo ndio waliofunga turubai na kupanga viti. Mimi nimebeba ndoo za maji ya wapishi. Kisha nikaingia ndani kumpa pole mama yake, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nilimtuma mwenyewe akanijazie gesi. Alikuwa ndio kwanza kaja toka Masasi, hata njia alikuwa haijui." Akanishika mkono wa kulia, akaubana kifuani kwake. "Ahsante kwa maji. Mungu akulipe."

Nimerudi nyumbani nikasahihisha: "Akampasua paji la uso kwa jiwe." Mstari umekaa sawa. Chakula kimenishinda.

Sitaki kuketi tena chini ya turubai lile nikijifanya jirani mwema. Naogopa, lakini navaa viatu, narudi.

Nikishamwambia mama yule ukweli, atanibana tena mkono huu, au atapiga yowe kama lile la Jumamosi?