Meno Manne ya Bure

Jumatatu, 2 Juni

Uji wa ulezi, mwembamba, umepoa. Ukiwa wa moto hawezi. Ester anaunyonya kwa mrija, kichwa kakiinamishia kulia, kanga kaifunga mashavuni. Upepo umeanza. Mwezi huu kila mtu hapa kijijini anaushukuru, alizeti zinapepetwa. Mke wangu anauogopa kama nyoka. Ukimgusa shavu la kushoto tu, anashika ukuta na kufumba macho mpaka maumivu yapite. Hayakai. Yanakuja, yanapita, yanarudi. Leo nimehesabu mara kumi na moja kabla sijaenda shule. Nikaacha kuhesabu.

Miaka miwili sasa.

Alhamisi, 5 Juni

Kituo cha afya. Tabibu ni yule yule. Hakuinua macho kwenye simu yake.

"Mama, bado ni meno tu?"

Meno gani? Matatu yameshang'olewa hospitali kubwa, na maumivu yako palepale. Akaandika panadol. Akasema turudi kwa daktari wa meno. Nilimuuliza kama huenda ni ugonjwa mwingine. Akacheka. "Mwalimu, wewe fundisha, mimi nitibu."

Nikanyamaza. Mimi ninayewafokea watoto sitini darasani, nilinyamaza. Ester alikuwa ameshasimama, ameshika mlango. Amezoea kufukuzwa.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika haya kwa aibu.

Leo tulikuwa na watu wa kutusaidia kupiga alizeti. Ester alikuwa apike. Saa tano akaacha sufuria jikoni, akaingia ndani, akajifunika. Dada yangu akaguna. Akasema wifi anadeka, au ana mapepo, moja kati ya hayo. Sikumkatalia. Nilikwenda mlangoni nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mbona maumivu yako yanajua siku za kazi?"

Hakujibu. Kujibu ni kufungua mdomo, na kufungua mdomo ndiko kunamuumiza. Aliinuka, akarudi jikoni, akasonga ugali huku machozi yanamtiririka. Watu walikula. Mimi pia nilikula.

Jumanne, 10 Juni

Tulipanda gari Misigiri alfajiri kwenda hospitali kubwa, kanga imemfunika uso wote mpaka tunashuka.

Daktari wa meno alitazama picha ya taya. Akasema haoni kitu. Halafu akasema ang'oe na la nyuma, tuone. "Tuone." Kama fundi anayefungua injini ya trekta. Ester alikubali kabla hajamaliza kusema. Angekubali hata ang'olewe taya zima.

Tukiwa njiani kurudi, ganzi ilipoisha, maumivu yakampiga kwenye pengo lenyewe. Mahali pasipo na jino. Abiria waligeuka kututazama.

Jino ninalo, nililiomba. Jeupe. Zima. Halina hata doa.

Jumatano, 18 Juni

Hali mbaya. Hajala chakula cha maana tangu siku ile. Gauni linamning'inia kama limeanikwa. Hanawi uso. Hapigi mswaki. Hasalimii watu, anapunga mkono tu, na sasa wanasema ana maringo.

Asubuhi amezungumza, neno moja moja, mkono umelikinga shavu. "Baba Anna, nikifa msiseme nilikuwa mgonjwa. Semeni nilikuwa mwongo. Ndivyo mlivyoniita."

Nimeitoa dawa ya wadudu stoo, nimeipeleka kwa jirani aniwekee. Sikumwambia sababu. Hakuuliza.

Nikampigia simu binti yetu, Anna, aliyeolewa Manyoni. Alilia kwanza, kisha akanifokea. Baba, kwa nini mnarudi palepale? Hajawahi kunifokea. Ameniambia huko kwao kuna hospitali ya misheni, mama mkwe wake alitibiwa vizuri pale. Tunakwenda kesho.

Alhamisi, 19 Juni

Daktari ni binti mdogo, umri wa Anna. Tulipoingia akasimama. "Shikamoo, mama." Ester akapunga mkono tu. Nikataka kumwombea radhi, lakini yule binti alikuwa ameshageuka, anafunga dirisha. Alikuwa amemwona Ester anavyojikinga na upepo. Ndipo akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Usiongee, mama. Tikisa kichwa tu. Ukinawa uso, yanakuja?"

Ndiyo.

"Ukitafuna? Upepo ukikupiga?"

Ndiyo. Ndiyo.

"Kama shoti ya umeme, halafu yanaacha?"

Ester alianza kulia kabla ya kutikisa kichwa.

Si meno. Hayakuwa meno hata siku moja. Ni mshipa wa fahamu wa uso, unapiga wenyewe bila sababu. Binti akasema, "Pole sana, mama. Ni kati ya maumivu makali kuliko yote tunayoyajua. Hukuwa unasingizia." Alipolisema hilo alinitazama mimi. Labda hakukusudia. Nilitazama sakafu.

Dawa ni vidonge vya kifafa, ndivyo vinavyoutuliza mshipa huo pia. Nusu asubuhi, nusu jioni, ataongezewa polepole. Atapata kizunguzungu. Akitokwa na vipele, asimeze tena, turudi haraka. Nikauliza zikiisha nitazipata wapi.

"Hata kituo chenu cha afya zipo, baba. Wenye kifafa wanazichukua kila mwezi."

Ijumaa, 27 Juni

Jana, mara mbili tu. Leo bado hata mara moja. Ana usingizi mwingi, anatembea kwa kushika kuta. Lakini amenawa uso.

Nimekwenda kituo cha afya. Njia nzima nilipanga maneno. Tabibu aliisoma barua ya misheni mara mbili. Akainuka, akafungua kabati. Boksi lilikuwepo, hatua tatu nyuma ya kiti chake. Miaka miwili tumekaa tukilitazama lile kabati.

"Hili sikulifikiria, Mwalimu," akasema.

Nje walikuwa wamejaa wagonjwa mpaka kwenye jua. Yuko peke yake, mwenzake amehamishwa. Macho mekundu. Nilitaka awe mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka. Maneno yangu yote yakaisha nguvu, na hilo nalo limenikasirisha. Maana uchovu haumlazimishi mtu kumcheka mgonjwa. Hilo nilimwambia. Akasema, "Kweli." Basi.

Nami sikuwa nimechoka hata kidogo siku ile ya alizeti. Mimi nina kisingizio gani?

Jumapili, 6 Julai

Hatukwenda kanisani, bado anapepesuka. Amepika mwenyewe. Ugali wa uwele, mlenda, kuku kidogo. Tumekaa uani, yeye na mimi. Anatafuna polepole, upande wa kulia, kushoto hana cha kutafunia.

Nimemwomba msamaha. Kwa maneno kamili, bila kujitetea, nikayataja na niliyosema mlangoni.

Alitafuna mpaka akameza.

"Sijafika huko, Baba Anna," akasema. "Nisogezee chumvi."

Nimemsogezea.