Jumamosi Tulizokungoja kwa Hesabu

Kwa Mzee Nikodemo,
S.L.P. ya Misheni, Kilema,
Moshi.
18 Februari, 1973

Mpendwa Kaka Kornel,

Shikamoo. Ipokee tu, haina udongo, nimenawa mikono kabla ya kushika kalamu. Hujambo huko Dar es Salaam? Joto halijakuyeyusha? Shemeji Magdalena hajambo? Na yule mtoto wenu ambaye hatujamwona, ameshaanza kutembea? Sisi huku tu wazima, ukiacha magoti ya mama yanayomsumbua kila akipanda kutoka kanisani. Mvua bado, na mfereji umepungua hadi vyura wanapita kwa miguu.

Anayeandika ni mimi Kastori, yule uliyesema ataishia kuchunga mbuzi. Ulikosea, nachunga ng'ombe. Mwandiko usiucheke. Darasa la tano langu ni zuri kuliko la saba la Primus, na anayebisha aje hapa mtoni nimwoneshe.

Najua unataka kusikia habari za mtihani wa dada yetu Redempta, au labda hutaki. Nitakuandikia zote mbili, unayoitaka na usiyoitaka.

Unaikumbuka shule ya wazazi, ile ya juu ya kanisa. Mwaka jana mwalimu wao wa hesabu aliitwa Jeshi la Kujenga Taifa, na wa kuziba nafasi yake hakuletwa. Na Kidato cha Nne ndicho kinachochuja wa kwenda Chuo cha Ualimu, na chuo chenyewe bila hesabu hakikutazami hata usoni. Basi mwezi wa saba mkuu wa shule, Mwalimu Wenseslaus, akaziita familia zote za watahiniwa. Nilimsindikiza baba, nikiwa nimechana nywele.

Mwalimu akasema, "Wazazi, mnaleta mtoto hapa asubuhi kama mnavyopeleka mahindi mashineni, jioni mnataka unga. Na nyinyi mtasaga!" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akataka watahiniwa wasikate majani ya ng'ombe hadi mtihani uishe. Akataka kila jioni mtoto amweleze mzazi alichosoma, hata mzazi asiyejua kusoma, kwa sababu mtoto akishindwa kumwelewesha mama yake basi hajaelewa mwenyewe. Halafu, kwa kuwa walimu ni wachache, kila familia yenye msomi imlete Jumamosi awafundishe wote.

Katekista, baba yake Digna anayesoma na Redempta, akajitolea Kiingereza, ingawa Kiingereza chake chote ni cha sala. Mzee Ebenezeri akamtaja shemeji yake kwa historia. Ilipofika hesabu, watu wakatazama viatu vyao.

Baba akasimama. Kaka, ungemwona. Akavua kofia. "Hesabu niachieni mimi. Mwanangu Kornel ni injinia. Atakuja na likizo yake."

"Una hakika, Mzee Nikodemo?"

"Mwalimu, nimesema mwanangu."

Nikamvuta koti nimkumbushe kwamba mwanawe hajamwandikia tangu Krismasi ile. Akanikanyaga kidole.

Sasa kuhusu Krismasi ile, mimi simtetei. Alikosa. Umemleta mke wako kutoka Songea, umemwingiza nyumbani kwa heshima, halafu mzee mbele ya wageni anauliza kama wanawake wa Kilema wamekwisha. Ndizi zako ulizisusa kwenye sahani, ukaondoka na shemeji analia. Mimi ningekuwa wewe ningeondoka na mbuzi pia.

Lakini baba alijirudi. Asubuhi baada ya mkutano ule alikwenda mpakani mwetu na mzee Ildefonce, akachuma jani la isale, lile la kuombea radhi, akalifunga fundo, akamkabidhi binamu yetu Crispin alete kwako pamoja na ombi la hesabu. Baba, Kaka! Nani alishawahi kuona mzee wa Kichagga anampelekea mtoto wake isale? Watu wameuana na ndugu zao, lakini ukiletewa jani lile unaweka kisu chini na kusikiliza. Crispin alituapia kwamba alikupa mkononi. Alisema ulilitazama, ukaliweka juu ya redio, ukamkaribisha chai.

Basi tukajua unakuja. Mama akakutengea mkungu wa ndizi. Redempta akaandika kwenye karatasi maswali yote yaliyomshinda, akaikunja kila siku kama hati ya nyumba.

Kuhusu majani ya ng'ombe, aliyekuwa akiyakata ni nani? Mimi. Mama kwa magoti yale angefika wapi? Nikachukua kamba ya Redempta nikawa nashuka tambarare na wanawake, napanda na mzigo kichwani, mwanamume mzima mwenye ndevu mbili tatu. Primus alikuwa akinisubiri penye mfereji. "Bi harusi Kastori, mahari yako ng'ombe wangapi?" Nikamjibu, "Uza wote mlio nao kwenu, bado hamnifikii." Kwa taarifa yako, shingo yangu sasa ni kama ya fahali, na wasichana wa huko chini wananijua kwa jina.

Na jioni tulisomeshwa. Redempta anamweleza mama kwa Kichagga jinsi damu inavyozunguka, mama anamenya ndizi. Mama akafikiri, akasema, "Kumbe moyo ndio banio la mfereji, likifunguka maji yanakwenda, likifungika hayarudi." Redempta akamkumbatia na kisu chake mkononi. Mimi mwenyewe niulize chochote cha jani kutengeneza chakula kwa jua. Nilimweleza hata Padri, akaniomba nimwache amalize chai.

Ila hesabu hatukuweza. Alijaribu kunielewesha zile za herufi. Nilifika mahali herufi moja ina thamani hii leo na kesho nyingine, nikamwambia hiyo si hesabu, huo ni ulaghai. Hakucheka. Akasema, "Tumngoje Kaka."

Likizo yako ikafika, Septemba. Ijumaa jioni baba akateremka Himo kulingoja basi la Dar. Akarudi peke yake, akasema labda limeharibika Korogwe. Jumamosi akajitwika kiti cha nyumbani, kile chenye mikono, akakipeleka hadi shuleni, maana hakutaka injinia akae kwenye benchi la watoto. Watoto wa watu wamekaa, kalamu tayari, Mwalimu Wenseslaus kila mara anachungulia dirishani. Ikafika saa sita, baba akasema kwa sauti ya chini, "Fundisheni kingine." Wiki iliyofuata akashuka tena Himo. Na iliyofuata. Mzee Ebenezeri akamsalimia mbele za watu, "Habari ya injinia?" na baba akajibu, "Njiani."

Barua yako ilikuja Oktoba. Umebanwa na vikao. Unamtakia mtihani mwema. Ukatia na mkebe wa vyombo vya hesabu, mpya kabisa, unang'aa. Jani hukulitaja.

Asante kwa mkebe. Ile bikari ina ncha nzuri, tunatolea funza.

Majibu yametoka. Biolojia amepasua, Kiingereza amepasua hata kwa mwalimu wa sala zile. Hesabu ameanguka. Hiyo moja tu, Kaka. Digna, ambaye Redempta ndiye alimfundisha biolojia, amechaguliwa. Digna hesabu aliipataje? Mjomba wake ni karani kiwandani, kule kwenye miwa, alikuwa akija kimyakimya Jumapili kumfundisha peke yake. Hata yeye alikuja.

Siku ile ya majibu nilirudi nikakuta kamba haipo kwenye msumari. Nikamkimbilia Redempta njiani, nikamwambia lete kamba, mimi ndiye bi harusi. Akasema, "Kastori, acha. Kazi yako imekwisha." Akateremka. Hakulia, na mimi ningependa angelia, maana ningejua la kufanya.

Ulimkusudia mzee, Kaka, fimbo ikampata binti. Yeye alikukosea nini? Siku ya Krismasi ile ndiye aliyetoka mbio nyuma yenu na kitenge cha shemeji kilichosahaulika, asiwawahi.

Sasa la mwisho, nalo ni zito, kaa chini. Unakijua kile kipande cha kihamba chetu, ardhi ya ukoo, upande wa juu, karibu na mfereji, baba alichokutengea ujenge? Juzi ameita baba wadogo, amepanda isale mstari mzima kukiwekea mpaka, amesema ni cha Redempta. Wazee wakaguna. Baba mdogo Eliona akauliza, "Tangu lini msichana akapewa kihamba?" Baba akaendelea kukandamiza udongo kwa kisigino. "Tangu mtoto wa kiume alipoweka isale juu ya redio."

Redempta hakumshukuru. Hakutaka kihamba, alitaka chuo. Anarudia mtihani Novemba. Mwalimu wa hesabu bado hajaletwa, na kile kiti baba hajakirudisha nyumbani. Mwalimu Wenseslaus anakikalia siku za baraza.

Kwa hiyo ukija, usianzie kwa baba. Anzia kwa Redempta, na uje na jani lako mkononi. Isale siku hizi ni nyingi sana hapa, zimejipanga kwenye kile kilichokuwa chako. Ila hizo usichume, zina mwenyewe.

Nisalimie shemeji Magdalena sana, mwambie kitenge chake kipo, Redempta amekifua. Msalimie Crispin. Mama anakusalimu na kuuliza kama unakula. Baba aliniuliza tu kama nina stempu. Redempta hakutuma salamu, nami sikumlazimisha.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi utakaouweza.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, akupendaye bado ingawa shingo inamuuma,

Kastori Nikodemo